Bakuli la Pili la Chai kwa Anayeweza Kueleza Hesabu

Chwaa. Kimya kidogo. Chwaa tena.

Ni saa kumi kasoro robo alfajiri, na korido ya bweni bado ni giza tupu. Sauti inatoka jikoni. Norjmaa anachota chai ya maziwa kwa upawa, anauinua juu, anaimwaga tena sufuriani mpaka ikolee chumvi, maana huku chai hutiwa chumvi. Watoto hamsini na wanane wa wafugaji wamelala. Mmoja hajalala.

"Rudi kitandani wewe. Matokeo hayaji kwa kuyachungulia mlangoni."

"Shangazi, nipe basi unga nikande."

"Nawa kwanza. Juzi umetulisha maandazi yenye wino."

Huyo ni Maralmaa, miaka kumi na tano, wa darasa la tisa. Leo matokeo ya mtihani yanabandikwa, na leo hii baba yake anakuja kumchukua kwa likizo. Baba alishasema tangu majira ya baridi: akifeli hesabu, shule basi, akachunge kondoo.

Norjmaa, miaka hamsini na nne, ni mwaka wa kumi na tisa anapika katika bweni hili la mkoa wa Zavkhan, na watoto wote humwita shangazi. Yeye mwenyewe aliishia darasa la sita, mwaka ambao theluji iliua mifugo ya baba yake. "Mimi na hesabu tuliagana mapema," anasema akicheka, "wala hatukuandikiana barua."

Desemba iliyopita Maralmaa alitoka darasani analia. Alikuwa amepata alama ishirini na tatu kati ya mia. Majibu karibu yote yalikuwa sahihi, lakini hakuandika hatua hata moja ya kuyafikia. Mwalimu akamwambia amenakili.

"Nikamuuliza, umenakili? Akasema hapana. Sasa umepataje? Akasema, 'Nimeona tu,'" anasimulia Norjmaa.

Norjmaa, binti wa wafugaji, alielewa palepale. "Sisi jioni kondoo hatuwahesabu. Unatupa jicho kundini, unajua yule mwenye sikio jeusi hayupo. Mtoto alikuwa anafanya hivyo hivyo kwenye karatasi. Anaona kinachokosekana, anaandika, basi. Msahihishaji atajuaje?"

Tangu siku hiyo akaweka sharti. Anayetaka bakuli la pili la chai amweleze mpishi hesabu moja, kwa sauti, mpaka mpishi aelewe. Na mpishi huyu haelewi upesi.

"Tatu mara namba fulani, ongeza kumi na mbili, unapata arobaini na nane," anasema Maralmaa, mikono ikiwa ndani ya unga. "Namba ni kumi na mbili."

"Umeitoa wapi?"

"Si ipo tu, shangazi!"

"Ipo kwako. Kwangu mimi haipo. Nipeleke polepole nisije nikaanguka."

Maralmaa anavuta pumzi. "Haya. Toa kwanza ile kumi na mbili. Inabaki thelathini na sita. Sasa gawa kwa tatu..."

"Ngoja. Kwa nini nitoe kwanza?"

Maralmaa anaacha kukanda. Anafikiri mpaka unga unamkaukia vidoleni, kisha anaanza upya.

Mwalimu wa hesabu, Batsukh, hafichi aibu yake. "Nilimwita mwizi wa majibu, kumbe mimi ndiye sikumuuliza." Siku hizi naye huja jikoni asubuhi, anakaa pembeni anasikiliza. Wanafunzi humtania kwamba kafuata bakuli la pili.

Mwaka jana, kati ya wanafunzi kumi na wanne wa darasa la tisa bwenini, sita walianguka hesabu.

Saa nne karatasi inabandikwa. Norjmaa haendi. Anakwangua sufuria ambayo ni safi tangu asubuhi.

Maralmaa anaingia mbio. "Sabini na moja! Shangazi, sabini na moja!"

Norjmaa anakaa chini juu ya gunia la unga, aproni usoni. Kisha anauliza, "Na wenzako?"

"Wote wamefaulu, isipokuwa Dorjoo. Kakosa alama mbili, atarudia Agosti."

"Mwambie aje anywe chai."

Norjmaa naye ana mpango wake. Kuanzia vuli atasoma masomo ya watu wazima, jioni tatu kwa wiki, mpaka afanye mtihani wa darasa la tisa. "Hesabu nimeshafundishwa na watoto. Ninachoogopa ni historia, maana mimi jana tu siikumbuki."

Mchana pikipiki inasimama nje. Tserendorj, baba yake Maralmaa, anaisoma ile namba kwenye karatasi mara mbili, anavua kofia, anapangusa uso. Habari ya kuchunga haigusi. Anaingia chumba cha kulala, Norjmaa na Maralmaa wakimfuata, anasimama mbele ya blanketi la binti yake. Mzazi anayemwachisha mtoto shule huondoka na matandiko yake.

"Dada Norjmaa, hili nalifunga, au?"

"Mimi silali humo. Muulize mwenyewe."

Tserendorj anageuka. Binti yake, ambaye hajawahi kumpangia baba jambo lolote, anainua uso.

"Liache, baba, narudi Septemba."