Mama Mkwe na Bafu la Mzungu

Kusema kweli aibu hii nilikusudia nife nayo, lakini kwa kuwa shemeji yangu Masanja ameshaitangaza mtaa mzima wa Nsemulwa, na kila akiitangaza ananiongezea kitambi, bora niwasimulie mwenyewe.

Nilikuwa naposa kwa Wasukuma wa Mwamkulu, binti anaitwa Minza, na kwao walikuwa bado wananipima, maana mwanaume wa miaka arobaini na kitu aliyezunguka Kigoma, Kahama na Tunduma bila kutulia anatia shaka. Nikajifanya mjanja, nikakodi gari niwapeleke kutembea kwenye jumba la zamani la mzungu mmoja wa mgodi, njia ya Mwese, ambako baba alikuwa akinipeleka utotoni mvua zikiisha, waridi zimejaa mpaka barazani. Na mama mkwe nikamwalika, pamoja na Masanja, kaka yake Minza.

Minza akanionya, "Wewe, kwetu mama hakai karibu na mkwe, hata mkono hampeani!"

"Mila za zamani hizo," nikamjibu. "Huu ni utalii wa ndani!"

Basi mama wa watu akakaa siti ya nyuma kabisa, khanga usoni, njia nzima ananisemesha kupitia Masanja ("mwambie huyo bwana afunge dirisha").

Tukafika. Paa limebomoka, waridi hakuna hata moja, na bafu la chuma la mzungu, lile la kulala ndani ukioga, limetolewa nje likawekwa bustanini, wafugaji wananyweshea ng'ombe. Roho iliniuma, lakini kuwaleta watu mbali kote huko waje kutazama hori kuliniuma zaidi, kwa hiyo Minza na mama yake walipokwenda kupiga picha kwenye maua ya porini nikamwita Masanja, "Shemeji, njoo uone mzungu alivyokuwa anaoga!" Nikapanda ndani ya bafu hilo na suruali yangu ya krimu, maji nikayaona ni kidogo tu, ya kuchovya viatu.

Utelezi wa kijani haukuniuliza kabila. Chali, miguu juu, kila nikijiinua narudi chini, na Masanja badala ya kunivuta anarekodi na simu, amecheka mpaka amekaa chini. Ng'ombe nao wakaja kunywa (mmoja akanilamba sikio), nikapiga ukelele.

Aliyekuja mbio ni mama mkwe. Kuniona tu, akageuka, akanipa mgongo, akanirushia ncha ya khanga bila kutazama.

"Masanja, mwambie huyo ashike!"

Akanivuta kama anavyovutwa ndama topeni, bila kunigusa hata kidole.

Kurudi, nimelowa, nanuka, nikajua posa imekufa. Tulipokaribia mjini sauti ikatoka nyuma: "Masanja, mwambie huyo bwana wazee wake waje. Mtu tuliyemwona vile hana tena cha kutuficha."

Nimeoa, nashukuru. Lakini naapa, kumbukumbu zangu za utotoni sasa nazitembelea peke yangu, na mama mkwe nikimwona kwa mbali sokoni, mimi ndiye wa kwanza kuvuka barabara.