Mchaichai Kando ya Mto wa Mwadime

Iko siku moja ya miaka ya tisini, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nacheka peke yangu. Mdogo wangu Mwadime alikuwa amelazwa hospitalini Voi, katika chumba cha wagonjwa mahututi, kifua kimembana. Dawa zilianza kumsaidia, lakini usingizi ulimkataa. Mitambo ililia pembeni, harufu ya spiriti ilimkera, na daktari alituonya kwamba asipolala, nguvu za kupumua zitamwishia.

Wazazi wetu walifariki tukiwa wadogo, kule Mbololo. Mimi ndiye kifungua mimba, nikaacha shule ili wadogo zangu wale. Sikuwa tayari kumpoteza huyu.

Jirani yangu mjini, Bi Zuhura, ambaye kwao ni Mombasa, alinieleza kwamba nyumbani kwake chumba hufukizwa udi kabla ya watu kulala, na hakuna anayekesha. Basi saa ya kuwaona wagonjwa tukaenda, chetezo chenye makaa tumekificha kikapuni chini ya leso. Moshi ukatutangulia mlangoni. Sista mkuu, mama mtu mzima wa kutoka Marungu, akatusimamisha.

"Bi Zuhura, humu kuna oksijeni. Cheche moja tu, sote tutatokea darini."

"Lakini huu ni udi wa arusi, sista. Si wa mchezo."

"Basi upeleke arusini."

Bi Zuhura alicheka mpaka akashika ukuta. Chetezo kikarudishwa nje, na sista akaniuliza kama mgonjwa mwenyewe nimemwuliza anapenda harufu gani. Nilikuwa nimeuliza kila mtu isipokuwa yeye.

Nikamwinamia Mwadime. Akasogeza barakoa ya oksijeni kidogo, akanong'ona, "Mchaichai, dada. Ule wa jioni."

Miaka ile baada ya wazazi kufariki hatukuwa na maziwa wala majani ya chai. Kila jioni nilichuma mchaichai nje ya mlango, nikauchemsha, tukanywa, tukalala. Nilidhani walichobaki nacho wadogo zangu ni kumbukumbu ya njaa. Kumbe kwake ile ndiyo ilikuwa harufu ya nyumbani.

Sista alikubali, mradi majani yaoshwe, yasimguse usoni, na wa kitanda jirani asikerwe. Kesho yake mchana nikayaponda, nikayafunga katika kitambaa safi, nikakiweka kando ya mto. Mwadime akavuta pumzi, akafumba macho. Kabla wageni hatujafukuzwa alikuwa anakoroma, na mzee wa kitanda cha pili akaomba aletewe naye, walau apate kuustahimili mkoromo ule.

Alipoamka alinitazama kama anayedai haki yake. "Dada, mmeninusisha chai. Chai yenyewe iko wapi?"

Chumba kizima kilicheka, sista akiwemo.

Mwanangu, harufu haikumponya. Dawa na madaktari ndio waliomponya. Lakini ilimpa usingizi, na usingizi ukampa nguvu ya kungoja dawa zifanye kazi. Ukimuuguza mtu, usimbebee kilichomfaa mwingine. Muulize mwenyewe, kisha waulize wanaomtibu, hata kama unajiona umempenda kuliko wote. Na yale madogo unayowafanyia watu wako leo kwa shida, usiyaonee haya. Hujui watayashika vipi.

Mungu akujalie mikono ya upole, na kila utakayemuuguza aamke na njaa.