Mwali Aliyetoka na Suruali

Shule nilifika darasa la pili, nikatoka, na sijutii. Wakati wa ruksa, biashara zilipofunguliwa na mitumba ikaanza kuingia waziwazi, wenye vyeti walikuwa bado wanafikiri. Mimi nilishafungua belo la nguo hapa mjini, Mwembesongo. Nusu ya mji huu nimeuvisha mimi.

Dada yangu alibaki kijijini Matombo, mlimani, na migomba yake. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na neno la mwisho juu yake analo mjomba. Basi binti wa dada alikuwa mikononi mwangu. Nasema binti kwa sababu ndivyo tulivyomwita. Mwenyewe, tangu mdogo, alisema yeye ni mvulana, na alisema bila kucheka. Akija kibandani kwangu anayapita magauni kama hayaoni, anakwenda moja kwa moja kwenye suruali. Nilimpenda. Alikuwa na ulimi kama wangu.

Alipovunja ungo, dada akamweka ndani kwa desturi: mwali haoni jua, anafundwa na kungwi, mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma, kavishwa nguo mpya, kabebwa mabegani. Wenzake hunenepa humo ndani. Yeye aliacha kula. Kisha akaacha kusema. Alipofungua kinywa tena, alimwambia kungwi kwamba badala ya kutolewa mwali, bora atolewe ndani ya jeneza. Dada akashuka naye kwenye lori la ndizi mpaka hospitali mjini.

Wodi ya wagonjwa wa akili. Nesi, mama mnene mwenye sauti ya mnadani, akanizuia mlangoni.

"Mzee, mgonjwa wako ni wa kike au wa kiume? Nikimuuliza anageukia ukuta."

"Ni mpwa wangu."

"Mpwa hana wodi, mzee. Nina ya wanawake na ya wanaume."

Wakamlaza ya wanawake, wakamnyang'anya kaptula yake, wakampa gauni la hospitali. Dawa alimeza. Chakula, hapana. Dada alileta ugali na mbaazi, na khanga mpya ya siku ya kutolewa, eti akiiona atapata hamu ya kupona. Kila akiitandaza miguuni pake, mtoto anajifunika uso. Daktari akatuambia: "Dawa peke yake haitoshi. Mwulizeni anaogopa nini, na jibu mlikubali."

Nikaketi kitandani. Alikuwa amebaki macho na mifupa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Unaogopa nini?"

"Kutoka."

"Kutoka hospitali?"

"Kutolewa mwali."

Kumbe tulikuwa tunambembeleza apone ili tumrudishie kile kile kilichomwangusha. Nikamgeukia dada.

"Kunja hiyo khanga. Huyu hatolewi mwali. Mimi ndiye mjomba, nimesema."

"Kaka, watu watasema nini?"

"Waseme wakiwa uchi basi. Nguo walizovaa nimewauzia mimi."

Dada akacheka huku analia. Mtoto akatoa pua nje ya shuka.

"Ugali umepoa?"

"Umepoa," nesi akajibu, "na utaula hivyo hivyo."

Kesho yake nikafungua belo, nikachagua kabla ya wateja: suruali ya kaki na shati la mistari. Nesi akaja juu.

"Hapa wanavaa gauni, mzee. Ndiyo kanuni."

"Kanuni yako ilimlisha?"

Akaitazama sahani tupu, akaenda zake anaguna.

Sisemi alipona siku ile. Zilikuwepo asubuhi za kurudi ukutani, na dawa aliendelea nazo. Lakini alikula, akaanza kubishana, na nyumbani kwetu anayebishana ni mzima.

Siku ya kuruhusiwa nilimwona anayumba mlangoni. Nikainama.

"Panda."

"Mjomba, hivi ndivyo wanavyobebwa wanawali."

"Wao wanabebwa wamevaa khanga. Wewe una suruali. Panda, mgongo unaniuma."

Tukapita getini, dada nyuma yetu akipiga vigelegele, ile khanga kajifunga mwenyewe.

"Mjomba, watu wanatuangalia."

"Ndiyo maana nakwambia kaa wima. Shati lionekane."