Swali Langu Lililoulizwa kwa Niaba

Watu wakiniuliza kwa nini niliacha ubunge baada ya vipindi viwili, huwajibu kwamba nilichoka na misiba. Wanacheka. Mimi sicheki.

Jimbo langu lilikuwa mwendo wa saa mbili na ushee kutoka nyumbani kwangu Ipagala, hapa Dodoma mjini. Wabunge wa mikoa ya mbali walikuwa wakinionea wivu, eti nalala kitandani kwangu na Bunge liko mlangoni. Wapiga kura wangu nao walikuwa mlangoni! Mbunge wa mbali akikosa kuzika husamehewa, si yuko Dodoma? Mimi nilikuwa Dodoma mwaka mzima, kwa hiyo udhuru sikuwa nao. Kwenye buti ya gari nilikuwa na kitenge cheusi cha kudumu na viatu vya kukanyagia udongo wa makaburini. Kwetu jeneza halitoki uani mpaka mbunge asimame atoe salamu. Ukituma mwakilishi wanamshukuru kwa adabu, kisha wanakuwekea kinyongo.

Sasa lilikuwepo korongo moja ambalo kiangazi ni mchanga mtupu, mbuzi wanakatiza. Mvua zikishika milimani, maji hushuka ghafla na kijiji cha ng'ambo hukatika siku tatu, nne. Zahanati iko upande wa huku. Mwaka mmoja binti wa mzee mmoja wa pale alibebwa kwa kitanda mpaka ukingoni, akajifungulia mchangani wakisubiri maji yapungue. Mtoto hakupona. Nilikwenda kwenye msiba ule pia, na mbele ya babu yake nikaahidi daraja.

Niliandika barua, nikafuatilia maofisini, nikazungushwa mpaka nikachoka. Mwisho nikapeleka swali bungeni, na baada ya kusubiri sana likapangwa. Swali la msingi lenyewe halina meno, Naibu Waziri anasoma tu majibu aliyoandikiwa. Nguvu iko kwenye maswali mawili ya nyongeza, ambayo anayesimama ndiye anayeyachagua. Langu nililikariri: je, Naibu Waziri yuko tayari kuongozana nami wiki hii akalione korongo kwa macho yake? Akishakubali mbele ya Spika na nchi nzima inasikiliza, pa kutokea hana.

Siku moja kabla ya swali, diwani akanipigia simu. Yule mzee wa ng'ambo, babu wa yule mtoto, amefariki. Ndiye aliyesimama nami kwenye mkutano wangu wa kwanza wa kampeni, wenzake walipokuwa wakiguna kwamba mwanamke hatawaweza.

"Tunazika kesho saa tatu asubuhi, Mheshimiwa."

"Diwani, kesho saa tatu nina swali. La daraja lenu! Zikeni saa nane basi."

"Familia imeshapanga. Usipoonekana kwa huyu mzee, mimi sitaweza kukutetea."

Nilifoka, nikakata simu, kisha nikafanya ujinga ambao mpaka leo unanichoma. Kanuni zinaruhusu mbunge kumuulizia mwenzake swali. Nikamwomba mwenzangu mmoja, wa jimbo la kandokando ya ziwa, asimame kwa niaba yangu, na maswali ya nyongeza nikamwandikia kwenye karatasi. Alfajiri nikawasha gari.

Nilifika saa tatu kasoro. Kaburi lilikuwa halijafika hata magotini. Wakwe waliotoka Morogoro walikuwa wamekwama Kibaigwa, tairi limepasuka, na bila wao hakuna kuzika.

"Mbukwenyi!" wazee wakanisalimu kwa furaha, wakanipa kiti cha mbele. Katika ua mzima niliyekuwa na haraka ni mimi peke yangu.

Mwalimu mkuu akaja na redio. "Leo Mheshimiwa wetu ana swali la daraja," akawatangazia waombolezaji, halafu akaniona nimekaa pale, akaiweka redio chini.

Tukasikiliza. Mwenzangu akataja jina langu na jimbo langu vizuri kabisa. Naibu Waziri akajibu kwamba Serikali inatambua umuhimu wa daraja hilo na tathmini itafanyika. Spika akaita nyongeza. Mwenzangu akashukuru kwa majibu mazuri, akasema tatizo hilo linafanana na la jimboni kwake, na maswali yote mawili akayapeleka kwenye gati la kwao. Je, Naibu Waziri yuko tayari kuongozana naye akalione? Naibu Waziri akasema yuko tayari sana.

Mwalimu mkuu akazima redio. Uani hakuna aliyenitazama. Nilitamani kumkaba koo mwenzangu, na diwani, na aliyewauzia wakwe lile tairi. Ila karatasi nilikuwa nimeitoa mwenyewe, kwa mkono wangu.

Tulizika saa tisa alasiri. Nikatoa salamu, maneno yale yale niliyoyatoa kwenye misiba yote. Ningebaki nikauliza swali langu mwenyewe asubuhi ile, Naibu Waziri angekuwa ameshajibu, nami ningekuwa nimeshafika na muda wa kula ungebaki.

Nilipokuwa nikiaga, mjane alinishika mkono. Nikadhani ananishukuru kwa kuja.

"Shikamoo mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu." Hakuuachia mkono. Aligeuka akatazama upande wa korongo, kisha akanitazama mimi. "Kuzika sisi tunajua. Mjukuu tulimzika, huyu naye tungemzika. Kule ndani ya Bunge ndiko tusikoweza kuingia, ndiyo maana tukakutuma wewe."