Bamba la Mtani

Mtu asiye na mtani hajui adha ya kukosewa na mtu ambaye mila imekukataza kumkasirikia. Mimi naijua. Fundi aliyefunga bamba la chuma chini ya gari langu ni Mmwera, nami ni Mmatumbi, na kwetu huku tunataniana na wenzetu hao tangu kwa mababu. Akikuita mchoyo, cheka. Akija msibani kwako akaondoka na sufuria, cheka. Ukinuna, wewe ndiye uliyekosa adabu. Haya, sasa mkabidhi mtu huyohuyo macho ya mama yako, uone.

Macho ya mama, ndiyo. Mama yangu anaishi mbele ya Njinjo, katika kijiji cha vilimani ambako barabara ni mikondo miwili ya magurudumu, na katikati tuta lililoota nyasi. Analima ufuta na mihogo, na hataki kuhamia kwangu Mitwero, Lindi, kwa sababu anasema mjini watu wananunua hata mchicha. Mtoto wa jicho alimwanza jicho la kulia, akaja la kushoto, mpaka ikawa anatambua watu kwa sauti na kikohozi. Madaktari wa kupasua macho huja Lindi mara moja kwa mwaka, wanakaa siku chache, wanaondoka. Ukiwakosa ndiyo umewakosa.

Mwaka wa kwanza tuliwakosa. Nilikwenda kumchukua kwa gari langu, mkweche unaovuta kwa magurudumu yote manne, ambao mimi hubebea ufuta wa biashara. Tukiwa njiani kurudi, kisiki kilichojificha kwenye zile nyasi za katikati kikapasua sampu, yaani bakuli la oili linaloning'inia chini ya injini. Oili yote ikamwagika mchangani. Mama alikaa kiti cha mbele na kanga zake mpya, kifurushi mapajani, ananiuliza kila mara kama tunakaribia. Tulipopata gari la kutuvuta, madaktari walikuwa wameshafunga mizigo. Hakunilaumu. Alisema Mungu hakupenda, akaomba arudishwe kwake akaanike mihogo. Mtu haoni, anaanika mihogo kwa kupapasa! Nililia kwa hasira siku ile, nikaapa kwamba mwaka ukirudi, chini ya gari lile patakuwa na chuma.

Basi mwaka ulipokaribia kurudi nikaanza kuzunguka gereji za mtaa wa Rasbura, hapo Lindi. Wallahi, nilichokiona huko kilinichefua. Namwambia fundi nataka kinga ya chini, ananionyesha ngao ya mbele, mabomba yanang'aa kama vijiko vya harusi. Namwambia chini, ananionyesha taa za juu ya paa. Mwingine alitaka kunibandikia stika ya simba ubavuni. Jamani, kisiki kinanipiga tumboni, wewe unanivisha kilemba? Nilielewa tatizo lao. Bamba la chini halionekani. Gari likipita mtaani hakuna atakayeuliza nani kalifunga, na fundi wa siku hizi kazi isiyoonekana haimnogei. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Aliyekubali ni huyo mtani wangu, mtu wa makamo kama mimi, mwenye gereji yenye kivuli kizuri na wateja waliokaa tu kusikiliza maneno yake. Nililala chini ya gari mimi mwenyewe, juu ya boksi lililokunjuliwa, nikamwonyesha kwa kidole. Alileta bati la gari bovu, nikalikataa. Lile lingekunjika kama kopo la nyanya. Akaleta chuma kinene ambacho wanaume wawili walikibeba wakihema, nikakikataa pia, maana kingelilaza gari pua. Mwisho nikachagua bamba la unene wa sarafu mbili zilizobebana. Hapo tukaelewana, nilidhani.

Nikampa masharti yangu. Lifungwe kwa bolti, ili likihitaji kushushwa lishuke. Litobolewe chini ya kizibo cha sampu, oili ipate pa kumwagikia wakati wa kubadilisha. Liishie kabla ya bomba la ekzosi, na pembeni liachwe wazi, nyasi na mchanga vidondoke. Hilo la nyasi nililirudia. Kwetu kila mtoto anajua nyasi za kiangazi zilivyo: cheche tu, kilima kimekwenda. Ekzosi ikiwa ya moto na nyasi zimejibana juu ya chuma, unategemea nini?

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akawageukia wale wakaaji wake, akawaambia Mmatumbi akipata gari hudhani amejengewa ghala, sasa huyu anataka na matundu ya panya wake. Gereji nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka. Ningefanyaje? Mila ni mila. Lakini ndani nilikuwa nachemka, kwa sababu sikujua kama amenisikia au amepata tu mzaha wa kuwachekeshea watu.

Nilikuja kujua nilipokwenda kulichukua gari, siku moja kabla ya safari. Nikalala tena juu ya boksi. Loh! Bamba limechomelewa kote, halina bolti hata moja. Halina tundu. Limeanza mbele chini ya bampa likaenda, likaenda, likaipita ekzosi, kingo zimekunjwa juu kama sinia. Na kwa chini, mahali ambapo hakuna binadamu atakayesoma isipokuwa aliyegongwa, ameandika kwa rangi nyeupe, herufi nzuri zenye kivuli: PISHA, MMATUMBI ANAPITA. Nafasi ya kuandika ameipata. Nafasi ya kutoboa tundu hakuipata.

Nikamwambia akate. Akasema amenizidishia chuma kwa sababu mimi ni mtani wake, ile ni zawadi, na zawadi haikatwi. Nikasema kata. Akaninyooshea mkono kwenye mashine yake ya kuchomelea, akasema umeme umekatika. Na kweli ulikuwa umekatika, Rasbura nzima. Wakaaji wake wakanitazama usoni waone kama nitanuna. Nilipanda gari nikaondoka, nikasonya nilipofika barabara kuu, mahali ambapo hakuna wa kunisikia.

Sitaki kumnyima haki yake. Kwenda, bamba lilifanya kazi. Niliiacha lami Nangurukuru, nikapita Njinjo, nikaingia kwenye mikondo ya vilimani, na visiki viliponigonga nilisikia mlio tu, kama mtu anayebisha mlango, gari likaendelea. Nilifika kwa mama mapema. Alikuwa amekaa kibarazani na zile kanga za mwaka uliopita, hajazivaa tena tangu siku ile, na kifurushi kilekile. Tukaondoka bila hata kunywa chai.

Tulikuwa bado hatujaifikia Njinjo mama aliponiuliza ni nani anachoma shamba. Nikatazama kulia na kushoto. Hakuna moshi popote, vilima vimetulia. Nikamwambia labda ni mbali. Akavuta pumzi, kisha akanishika mkono uliokuwa kwenye usukani.

"Si mbali. Harufu hii inatufuata."

Nikasimama. Moshi ulikuwa unatoka chini yetu, mweupe, mzito. Nikamshusha mama haraka, nikamwacha kando ya njia, nikajitupa chini. Zile kingo zilizokunjwa zilikuwa zimezoa nyasi njia nzima, zimejaa kati ya bamba na ekzosi, zimeshindiliwa kama godoro, na huko ndani kulikuwa kunawaka. Kama pangekuwa na bolti ningefungua, bamba lote likashuka na moto wake. Hapakuwa na bolti. Nilichokonoa kwa fimbo, fimbo ikakatika. Nikatia mkono. Kovu ninalo mpaka leo, nikikanda unga naliona. Kando yangu mbele na nyuma nyasi kavu zimesimama mpaka kiunoni, na kila kilichodondoka kikiwaka nilikifukia kwa mchanga na kukikanyaga, nikiomba upepo usije.

Nilimwita mama anipe dumu la maji. Aliposhuka alikuwa nalo, la kutilia udhu. Nikageuka kulipokea, nikamwona. Amesimama palepale nilipomwacha, ameshika dumu kwa mikono miwili, amelinyoosha mbele kwa nguvu zake zote, upande ambao mimi sikuwapo. Akisema, "Chukua, mwanangu, chukua." Moto uko nyuma yake, hajui.

Nimekasirika mara nyingi maishani, sikatai, mimi si mtu mpole. Lakini hasira ya pale sijawahi kuipata tena. Nilimchukia mtu yule. Nilizichukia herufi zake nzuri, nikauchukia na utani wenyewe, mila gani inayomwachia mtu akuchomee mama yako halafu wewe ucheke? Maji yakatosha, moto ukazimika. Tukaenda hivyo hivyo, nasimama kila baada ya mwendo mfupi kuzoa nyasi kwa mkono mmoja, mpaka tukaikuta lami. Madaktari tuliwawahi. Alhamdulillahi, tuliwawahi.

Walipomfungua bandeji, mama alinitazama muda mrefu, akasema, "Umezeeka, mwanangu." Nikacheka na kulia kwa pamoja. Alikaa kwangu Mitwero mpaka akamaliza dawa za matone na daktari akamruhusu kuinama na kufanya kazi zake. Siku zote hizo nilikuwa napanga nitakavyomfanya yule fundi. Nilitaka kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Kila niliyemweleza alisikitika mpaka niliposema ni mtani, hapo akaanza kutabasamu. Mtani hashtakiwi, wakaniambia. Nilitaka basi angalau nilipeleke gari kwa fundi mwingine likakatwe bamba. Mama akakataa. Akasema liachwe vilevile, na siku ya kumrudisha kwake nimpitishe kwanza hapo gereji.

Tukaenda. Fundi alimwamkia shikamoo kwa heshima zote, akaitikiwa marahaba, akampa kiti chake. Kisha, mbele ya wakaaji wake, akaanza. Kumbe habari zilikuwa zimeshamfikia. Alisema Wamatumbi kwa uvivu hawana mfano, wanachoma mihogo huku gari linatembea. Wakacheka. Mama naye akacheka, akacheka kweli, mpaka akajifuta machozi kwenye macho yake mapya. Mimi nilisimama nimefura.

Alipomaliza kucheka akasema mtani huchukua, na yeye leo amekuja kuchukua. Hiyo nayo ni mila, na haikataliwi. Mtani wako akishagusa kitu chako, ni chake mpaka ukikomboe. Wote wakaitazama ngao ya gari inayong'aa iliyotundikwa ukutani, wakidhani ndiyo anayoitaka. Mama akainuka, akamwendea fundi, akamshika mkono wa shati.

"Nachukua hiki."

Gereji ikalipuka kwa kicheko. Fundi akatoa pochi ili ajikomboe, mama akamwambia hakuja kuuza. Akajaribu kusema ana kazi za watu. Wakaaji wake wenyewe, walewale, ndio waliomsukuma kwenye gari, wakambebea na sanduku lake la vifaa, wakitaka kuona kama yeye naye atanuna. Hakununa. Alipanda kiti cha nyuma akitania njia nzima ya lami.

Tulipoingia kwenye mikondo ya nyasi mama akaanza kuamrisha. Simama. Fundi anashuka, anaingia chini, anazoa. Tunakwenda kidogo. Simama. Mara ya kwanza alitoka na mzaha kuhusu kulala chini ya gari la Mmatumbi. Mara ya pili alitoka na kikohozi. Jua lilikuwa la utosi, chuma cha moto, na kila akilala chali alikuwa anazisoma herufi zake mwenyewe, nusu zimebabuka. Baadaye akawa anatoka kimya.

Tulipofika pale tulipozimia moto, mimi ndiye niliyesimamisha gari. Palikuwa pamebaki doa jeusi mchangani na ile fimbo yangu iliyokatika. Fundi akashuka bila kuambiwa, akaingia chini, akakaa huko muda mrefu kuliko kawaida. Alipotoka alikuwa ameshika kichala cha nyasi, bado zina joto, zimeanza kuwa kahawia kwenye ncha. Akazitazama. Akatazama nyasi zilizotuzunguka mpaka vilimani. Kisha akamuuliza mama, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, siku ile alikuwa amesimama wapi.

"Sijui, mtani. Sikuwa naona."

Fundi akaziweka zile nyasi chini taratibu, akazifukia kwa kiatu. "Mama," akasema, "nisamehe."

"Watani hawaombani msamaha," mama akamjibu. "Na bado hatujafika. Ingia chini."

Fundi akachukua msumeno wake wa chuma kwenye sanduku, akalala chali, akaanza kulikata bamba pale pale, kwa mkono, kuanzia kwenye ekzosi. Mama akachuchumaa kando ya gurudumu, akainamisha kichwa, akawa anamwangalia.