Macho ya Mwanasesere wa Kijerumani

Kosa lilikuwa neno. Nilipoulizia mitaani, Igogo na Buzuruga, nani ana mwanasesere wa kauri, nilimaanisha kauri ya vikombe na sahani, ambayo Wajerumani wa zamani waliitumia kutengeneza vichwa vya wanasesere. Watu walisikia kauri za waganga, zile za baharini za kupigia ramli. Nililetewa vibuyu, ukanda wa shanga, na baba mmoja aliyetaka nimpigie ramli.

Nyumbani nilikuwa nao wawili, mmoja hana miguu. Nilijifunza mwenyewe kuwatengeneza, yaani kwa kuharibu. Nakiri niliwahi kuchora unyusi mmoja asubuhi nzima, nikaufuta, nikalia. Ila wote wawili macho yao yalikuwa ya rangi tu. Nilimtaka mwenye macho ya kioo, anayesinzia akilazwa. Niliambiwa yuko kwa bibi mmoja Mhaya, mjane, ambaye mama yake alilea watoto wa Wajerumani kule Bukoba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiye wewe mganga?"

"Hapana, bibi. Mimi ni karani wa ushirika."

"Karani na kauri wapi na wapi? Mdoli wangu haendi kufanyiwa mambo."

Nilieleza mpaka jasho likanitoka. Mwishowe akamleta. Uso haukung'aa, ulikuwa mkavu na laini kama ngozi. Lakini macho yalikuwa yameangukia ndani ya kichwa, yakabaki matundu.

"Kama si mganga," akasema, "mrudishie macho hapa hapa, mchana, majirani wakiona. Ukimvunja, tusijuane. Ukiweza, ni wako."

Jumamosi nilirudi na plasta ya kufungia mifupa niliyopewa na muuguzi, na kipande cha risasi ya kuzamishia wavu wa samaki, maana uzito unaovuta macho ulikuwa umepotea. Majirani walijaa mlangoni. Nilibandua nywele, nikayatoa macho kupitia utosini, nikafunga risasi kwenye waya unaoyaunganisha, nikazishika ncha za waya huo kwa plasta, macho yenyewe yabaki huru kuzunguka. Bibi akanishikia bakuli la plasta.

Plasta ilipokauka nikamsimamisha. Macho yakafunguka nusu, yakagoma.

"Kalewa gongo huyo!" mama mmoja akapiga kelele. Wakacheka wote.

Nilitamani kukimbia. Badala yake nikachukua kisu, nikaikwangua risasi kidogo pale ilipokwama kichwani kwa ndani, nikajaribu, nikakwangua tena. Kwa mara ya kwanza sikujali nani ananitazama. Nikamsimamisha: macho ya bluu yakatukodolea. Nikamlaza: kope zikashuka taratibu.

Bibi akapiga kigelegele, na akina mama wakakidaka. Akamlaza na kumwinua mwenyewe, tena na tena, akicheka kama msichana.

"Mchukue, mwanangu. Ila Jumapili mlete anisalimie."

Sikumfunga kwenye gazeti ili kumficha. Nilimbeba begani, uso wazi, nikapita katikati ya Igogo polepole, na kila aliyeuliza nilisimama nikamlaza aone.