Darubini Niliyomnunulia Baba

Baba yangu ni kipofu, na aliyempofusha ni mimi. Sentensi hiyo nimeiandika mara nne nikaichana karatasi. Leo naiacha ibaki.

Huku kwetu upande wa Nyamache kila mtu anajua kwamba mzee aliumizwa na bunduki yake mwenyewe. Ndivyo wanavyosema, nami nimewaacha waseme miaka minane. Minane! Nakueleza wewe usiyenijua, kwa maana wanaonijua wananiheshimu, na heshima hiyo siistahili.

Mzee alikuwa na bunduki ya leseni, kubwa, ya kuangusha nyati. Aliipata kwa mzungu mmoja wa Sotik aliyekuwa anafungasha kurudi kwao baada ya Uhuru. Alilinda nayo mahindi ya kijiji kizima, maana nguruwe mwitu na nyati walikuwa wakivuka kutoka upande wa Wamasai wanakula watakavyo. Nguruwe akianguka, sisi Wasabato tulirudi nyumbani mikono mitupu, na majirani zetu Wakatoliki wakala wakashiba. Mzee alikuwa akiwatania kwamba yeye ndiye mchinjaji wao wa bure.

Kisha macho yake yakaanza kuzeeka. Kile kijichuma cha kulengea kilicho mbele ya mtutu kikawa ukungu kwake. Alikosa nguruwe mara mbili mbele ya watu, na mara ya pili wakacheka. Mimi nilikuwa karani katika kiwanda cha chai, mwana pekee mwenye mshahara, na kicheko kile kiliniuma. Nikamwambia nitamletea darubini ya bunduki, ile ya Wazungu, ya kulengea kwa kioo.

Nilikwenda mpaka Nairobi kwenye duka la bunduki. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi, mpole, na aliniuliza kwanza ni bunduki gani. Nilipomtajia, akaweka mezani kidarubini kifupi, kinene, kisicho na sura. Mimi macho yalikuwa yameshaganda kwenye nyingine iliyokuwa rafuni, ndefu, nyeusi, yenye pete inayong'aa. Nikaomba nijaribu. Nilipochungulia dirishani, saa ya jengo la ng'ambo ikaja puani kwangu!

"Hiyo iko ya bunduki ndogo, ya sungura," akasema. "Huoni kitu mpaka uweke jicho karibu sana. Bunduki ya baba yako inapiga teke. Chukua hii fupi, unakaa mbali nayo shibiri moja."

Nilimsikia, rafiki yangu. Nisije nikasema sikusikia. Ila nilijiambia anataka kunisukumia kitu kilichokosa mnunuzi. Nilifikiria pia jinsi watu wa nyumbani watakavyoitazama ile ndefu. Ujinga wangu ulikuwa huo tu, kupenda kutazamwa.

Fundi wa vyuma mjini Kisii akaifunga juu ya bunduki. Kabla ya kumkabidhi mzee, niliipeleka kilimani peke yangu niijaribu, risasi moja. Teke lilinirudia, na pete ile ikanipasua juu ya nyusi. Damu ikanimiminikia mashavuni. Nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba nimejigonga kwenye boriti ya zizi.

Hapo ndipo ungamo langu lilipo. Kuchagua vibaya ni ujinga, na ujinga husameheka. Lakini baada ya siku ile nilijua. Nilijua kabisa! Na nilipomkabidhi mzee bunduki nikasema, "Tata, ni nzuri sana."

Siku ya siku ilikuwa Jumapili asubuhi. Nguruwe watatu walikuwa wakichimba viazi vitamu ukingoni mwa mto, na watu walisimama nyuma yetu kuona mtambo mpya. Mzee alilala kifudifudi, akaegemeza bunduki juu ya gunia la mchanga. Alitafuta picha ndani ya kioo, hakuiona, akasogeza kichwa. Akasogeza tena. Nikaona pete inagusa nyusi yake.

Sisi Abagusii tuna chinsoni, ile haya kati ya mzazi na mtoto wake. Mtu mzima hamshiki baba yake mwili, halali kando yake, wala hamwelekezi kama mtoto mbele za watu. Basi sikumshika bega. Lakini mdomo nilikuwa nao! Ningesema maneno mawili tu, "Rudi nyuma." Nilinyamaza kwa sababu angeuliza nimejuaje.

Bunduki ikalia. Nguruwe wakakimbia wote watatu.

Hospitalini walilitoa jicho la kulia. Tulidhani yameishia hapo. Baada ya miezi michache la kushoto nalo likaanza kuwa jekundu na kufifia, na daktari akasema jicho likiumia hivyo, mwenzake huweza kulifuata. Lilifuata. Chai yake haioni, wajukuu wake anawajua kwa sauti, na akitaka kutoka uani ni wao wanaomshika mkono. Mimi hata hilo siwezi kumfanyia.

Wazee wa ukoo walipoketi kuuliza imekuwaje, waliniuliza mimi niliyekuwa pale kwa nini sikumzuia. Mzee akajibu kabla yangu, bandeji ikiwa bado usoni.

"Mwacheni. Mlitaka anishike kama mtoto? Amenitunzia heshima. Kosa ni langu."

Wakaitikia kwa vichwa, wakanisifu. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaitikia kwa kichwa pamoja nao! Desturi njema ya babu zangu niliigeuza kichaka nikajificha humo. Tangu siku hiyo silali vizuri, kanisani siwezi kuomba kwa sauti, na kila mtu akimsifu mzee kwa kunilea vema natamani ardhi ipasuke. Mwaka huu serikali imepiga marufuku uwindaji, bunduki imerudishwa kituoni, na watu wananiambia afadhali. Afadhali gani?

Jambo la mwisho ndilo linalonimaliza. Mzee hulipenda gazeti hili, na mimi ndiye ninayemsomea, yeye akiwa kitini pake nami kwangu, ukurasa kwa ukurasa. Juma lililopita tulifika kwenye ungamo la mtu aliyempora ndugu yake shamba. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyu anaogopa nini? Gazeti halikuporwa shamba. Amwambie ndugu yake."

Nikakunja gazeti, nikasema chai inapoa.

Ndugu msomaji, ukimnunulia mzazi chombo, msikilize mwenye ujuzi na uyafunge macho yako yanayopenda kung'aa. Kikikuumiza wewe kwanza, sema siku hiyohiyo, hata wakucheke. Kicheko hupita. Na usijifiche nyuma ya heshima, maana humo ndani mna giza kubwa kuliko lile la baba yangu.

Barua hii ikichapishwa, nitaketi mbele yake niisome yote. Nimeapa. Lakini najijua. Naweza kufika kwenye ukurasa huu, nikafunua mbili pamoja, na yeye hataona.